Kliniki ya kifua ya watoto: nesi ninamshukuru, daktari sijamsamehe

Nimechelewa kuandika haya kwa sababu kila nikianza hasira inanipanda, naacha. Binti yangu amelala usiku kadhaa sasa bila kukohoa, na mimi nimelala. Kwa hiyo leo naandika.

Kliniki yenyewe siitaji. Habari za foleni na viti mtajionea wenyewe mkienda. Mimi nina neno moja tu lililosemwa mle ndani, na bado linanichoma.

Ilikuwa mara yetu ya kwanza, miezi mingi imepita. Binti ana miaka 13. Alikuwa anakohoa usiku wa manane, kikohozi kikavu kinachomwamsha na kumkalisha kitandani. Akikimbia kifua kinambana na kulia mluzi. Akicheka sana, hivyo hivyo. Lakini mchana ukimwona, mzima kabisa. Daktari akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akasema kiko safi. Nikaanza kumweleza ya usiku. Hakuandika hata mstari. Akanigeukia akasema, "Mama, wasichana wa umri huu wana mambo mengi. Michezo ikiwachosha, kifua kinabana." Kisha akaandika inhela ya bluu, kikopo cha dawa ya kuvuta kwa mdomo. Nikamuuliza, kwani ni pumu? Akajibu, "Nampa hii ili wewe utulie."

Mtoto alikuwa amekaa pale pale, anasikia.

Sikubishana naye. Nilishukuru nikatoka, na hilo linaniuma mpaka leo. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba pumu ni ugonjwa wa kuja na kuondoka. Njia za hewa zinavimba na kubana usiku au baada ya mbio, halafu asubuhi zinafunguka kana kwamba hakukuwa na kitu. Kifua safi saa nne asubuhi hakikatai pumu. Kwa hiyo kitu cha maana kuliko vyote chumbani mle kilikuwa maelezo ya mzazi na ya mtoto mwenyewe, na ndicho alichokitupa.

Tukaenda na inhela ya bluu. Ile ni salbutamol: inalegeza misuli ya njia za hewa kwa saa chache, mtoto anapumua, halafu uvimbe ulioko ndani unabaki vile vile. Kopo moja lina mivuto 200. La kwanza likaisha, tukaenda dirisha la dawa, tukapewa jingine. Likaisha hilo, jingine. Hakuna aliyeuliza mbona yanaisha haraka hivyo. Sasa najua kwamba makopo matatu kwa mwaka mzima tayari ni dalili kwamba pumu haijadhibitiwa na mtoto yuko kwenye hatari ya shambulio kubwa. Sisi tulifikisha manne kabla mwaka haujafika nusu, na kila safari tulikabidhiwa kama tunachukua dawa ya mafua.

Halafu ukaja ule usiku. Nilimkuta ameinama, mikono magotini, hawezi kumaliza sentensi. Neno moja, pumzi, neno jingine. Ngozi katikati ya mbavu ilikuwa inaingia ndani kila akivuta hewa. Nikatega sikio nisikie mluzi, sikuusikia, nikajipa moyo kwamba afadhali. Kumbe kifua kikinyamaza huku mtoto anahangaika, hewa karibu haipiti kabisa. Wazazi wenzangu, hilo naomba mlishike. Msisubiri mluzi ndipo muondoke nyumbani.

Watu wa dharura walifanya kazi yao: oksijeni, dawa ya kuvuta mfululizo, vidonge vya prednisolone vya kupunguza uvimbe. Sina neno nao.

Siku chache baadaye tukarudi kliniki ile ile, na hapo tukampata nesi wa pumu. Sikujua kama yupo. Hakufungua faili kwanza. Alimwambia binti, "Mwanangu, hebu nionyeshe unavyovuta dawa." Binti akabonyeza, akachelewa kuvuta, mdomo nusu wazi, dawa yote ikaishia kwenye ulimi. Hakutikisa kopo. Hakutoa pumzi kwanza. Miezi yote ile dawa ilikuwa inaishia mdomoni, na sisi tukihesabu makopo.

Nesi akatoa spesa, ile chupa ya plastiki inayounganishwa na inhela. Tikisa. Toa pumzi. Bonyeza mara moja tu. Vuta taratibu, bana pumzi ukihesabu mpaka kumi. Subiri nusu dakika, tikisa tena, ndipo uvute wa pili; usibonyeze miwili kwa pamoja. Akamrudisha mara tatu mpaka akaridhika. Akatuambia hata jinsi ya kuiosha: maji yenye sabuni kidogo, kisha iachwe ikauke yenyewe, isifutwe kwa kitambaa, kwa sababu msuguano unaifanya plastiki inase dawa ukutani isifike kifuani. Yote hayo yalichukua kama dakika kumi. Nilitaka kumkumbatia.

Halafu akasema, "Mama, tupishe kidogo, nizungumze na mwanangu hapa." Nikatoka shingo upande, lakini nikatoka. Wenye watoto wa umri huu, mkiombwa tokeni.

Jioni ile binti akaniambia mwenyewe alichomwambia nesi. Usiku ule wa shambulio alikuwa macho tangu saa sita. Hakuniita mpaka karibu saa kumi. Nikamuuliza kwa nini, mama. Akasema, "Daktari alisema ni mambo yangu tu. Nilikuwa najaribu kuyaacha."

Saa nne nzima. Mtoto alikaa gizani kwa muda wa saa nne akijaribu kuacha kuumwa.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwapa alama nzuri kwa ajili ya nesi. Nikifika hapa siwezi. Nawaza zile dakika kumi. Hazikuhitaji mashine wala mtaalamu kutoka mbali. Zilihitaji mtu mmoja, mara ya kwanza kabisa, aseme "nionyeshe unavyovuta", na mwingine dirishani aone kopo la tatu aulize.

Na vipimo vilikuwepo! Hilo ndilo linalonimaliza. Nesi alitupa kifaa kidogo cha kupuliza, kinachopima nguvu ya pumzi kwa namba, na daftari: asubuhi na jioni kwa wiki mbili, andika namba. Za asubuhi zilikuwa chini sana kuliko za jioni, na kupanda na kushuka kwa namna hiyo ni dalili ya pumu. Kisha wakampima spirometria, kipimo cha mashine cha uwezo wa mapafu. Akapuliza kwa nguvu, akavuta dawa, tukasubiri kama robo saa, akapuliza tena. Hewa aliyoitoa sekunde ya kwanza ikapanda kwa asilimia 18. Kwa mtoto, zaidi ya 12 inatosha kuonyesha kwamba njia zilibana na zimefunguka. Mashine hiyo iko mlango wa tatu kutoka chumba cha yule daktari.

Kingine nilichokuja kujua kikanirudishia hasira upya. Mwongozo wa kimataifa wa pumu, unaoitwa GINA, tangu 2019 unasema mwenye pumu wa miaka 12 na kuendelea asiachwe na salbutamol peke yake. Apate dawa yenye steroidi ya kuvuta, ile inayopunguza uvimbe wa njia za hewa. Binti yangu ana 13. Kwa hiyo hata kama daktari alinipa dawa ili nitulie, alitoa ile isiyotosha.

Sasa anatumia inhela moja yenye steroidi kidogo pamoja na formoterol, dawa ya kufungua njia za hewa, asubuhi na jioni, na akibanwa anavuta hiyo hiyo. Neno steroidi lilinitisha, siwafichi. Nesi hakunicheka. Alinieleza kwamba kipimo chake ni cha maikrogramu na kinakwenda kifuani zaidi kuliko mwilini, kwamba urefu unaweza kupungua kwa kama sentimita moja, na kwamba pumu isiyotibiwa nayo inamdumaza mtoto. Asukutue mdomo kila akimaliza kuvuta, basi. Tulipewa pia karatasi ya mpango: akiwa mzima afanye nini, akianza kubanwa afanye nini, na dalili zipi ni za kukimbilia hospitali. Nakala moja iko shuleni.

Je, mwende? Nendeni, lakini muulizeni nesi wa pumu mlangoni kabla hamjakaa, na mkipangiwa daktari asiyeandika mnachosema, ombeni mwingine. Nilitaka kuishia hapo. Lakini barua yangu ya malalamiko ina wiki kadhaa haijajibiwa, na daktari bado yuko chumba kile kile, na sijui ni watoto wangapi wamekaa kwenye kiti kile. Kwa hiyo alama nzuri nampa nesi peke yake. Kliniki sijaipa.

Binti siku hizi ananiita mapema. Usiku mmoja alikuja mlangoni na daftari mkononi, namba imeshuka, akanionyesha kwanza ile namba ndipo akasema amebanwa. Nilimwambia, mama, hata bila namba ningekuamini. Akaitikia kwa kichwa. Lakini daftari bado analala nalo chini ya mto.