Mfuko wa PICS kwa kuhifadhi mahindi: pesa yake inarudi, mradi mahindi yawe makavu

Kwa mkulima wa Iringa, Mbeya au Rukwa anayetaka kutunza mahindi ya mavuno ya Juni na Julai hadi bei ipande mwanzoni mwa mwaka, mfuko huu wa PICS (Purdue Improved Crop Storage), usiopitisha hewa, ni ununuzi mzuri. Ni ghali kuliko kiroba cha kawaida, lakini gunia moja likiokolewa dhidi ya dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi ghalani, tofauti hiyo imeshalipwa. Anayepukuchua leo na kuuza baada ya wiki tatu hauhitaji.

Una tabaka tatu. Nje ni kiroba cha kusuka cha kawaida. Ndani yake mna mifuko miwili ya plastiki nzito, mmoja ndani ya mwingine, kila mmoja ukiwa na unene wa maikroni 80 hivi. Asili yake ni kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walioanza na kunde kule Kameruni miaka ya 1980. Hakuna dawa ndani yake. Fukusi na dumuzi wanaoingia pamoja na mahindi huvuta hewa iliyobaki, na baada ya siku chache oksijeni inakuwa imeshuka sana. Wanaacha kula, hawatagi, kisha wanakufa. Kinachowaua hasa ni kiu: mdudu wa ghala hategemei maji ya kunywa, anayatengeneza mwilini kutokana na chakula na oksijeni, na oksijeni ikiisha anakauka.

Dawa ya unga kama Actellic Super nayo inafanya kazi, kwa sababu ina viini viwili, kimoja kikimaliza fukusi na kingine dumuzi. Shida yake ni kwamba inataka kuchanganywa sawasawa kwa koleo hadi kila punje iguswe, na nguvu yake hupungua kadiri miezi inavyokwenda. Dumuzi, yule anayeitwa pia Skania, aliyeonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, hasamehe sehemu iliyorukwa. Kwa mahindi ya kula nyumbani tunauchagua mfuko bila kusita.

Kasoro kubwa inayosemwa juu ya mfuko huu, "mahindi yameoza ndani", karibu kila mara chanzo chake ni unyevu. Plastiki hairuhusu maji kutoka. Mahindi yakiingia na unyevu wa asilimia 16, yatabaki na asilimia hiyo hiyo, yatanuka kama pombe na huenda yakaota ukungu. Lengo ni asilimia 13, na isizidi 13.5. Doa jeusi kwenye kitako cha punje linaonyesha tu kwamba hindi limekomaa; wakati huo bado lina maji kama asilimia 30 na zaidi.

Kipimo cha chumvi kinasaidia, ila kielewe vizuri. Kaanga chumvi ya mezani hadi ikauke kabisa, iache ipoe. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi hadi theluthi yake, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi, funga, tikisa dakika moja, kisha iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15. Isipoganda, yako chini ya hapo, lakini 14 bado ni nyingi kwa mfuko huu. Yarudishe juani kwenye turubai siku mbili nyingine, au tafuta kipima unyevu kwa afisa ugani au kwenye ghala la ushirika. Usianike kwenye udongo mtupu. Kenya mwaka 2004 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliua watu 125 maeneo ya Makueni na Kitui, na mfuko usiopitisha hewa hauondoi sumu iliyokwishaingia. Mahindi yenye ukungu usimpe hata ng'ombe wa maziwa, maana sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa.

Kabla ya kujaza, puliza hewa katika kila plastiki, sokota mdomo, ubane na usikilize kama kuna tundu. Pepeta mahindi vizuri. Kipande kimoja cha gunzi chenye ncha kinatosha kutoboa. Jaza kidogo kidogo huku ukitikisa na kushindilia ili hewa itoke, na uache nafasi ya kutosha kufunga. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanakusanya plastiki zote mbili na kuzifunga kwa kamba moja. Sokota mdomo wa plastiki ya ndani mpaka uwe mgumu kama kamba, ukunje katikati, ufunge kwa nguvu. Fanya vivyo hivyo kwa ya pili, halafu kiroba cha nje.

Panga mifuko juu ya chaga, mbali na ukuta na jua. Plastiki haimzuii panya, kwa hiyo ghala liwe safi na paka awepo. Dumuzi naye anaweza kutoboa plastiki ya ndani kabla hajafa. Vitundu vichache si msiba ikiwa ya pili ni nzima. Ukitunza vizuri, mfuko unatumika misimu miwili hadi mitatu. Vitundu vidogo vizibe kwa selotepu, yenye matundu mengi iondoe.

Kuhusu ukubwa, wa kilo 100 ununue kwa mahindi ya kuuza, usiufungue mpaka mnunuzi afike. Ya kula yaweke kwenye mifuko ya kilo 50, kwa sababu kila unapofungua unaingiza hewa mpya, na kilo 50 zinaisha kabla wadudu hawajapata nafasi ya kuanza upya.