Kibao cha granaiti kwa mpima mvua: tathmini ya karakana moja ya kuchonga mawe Morogoro

Karakana ninayoitathmini iko Morogoro mjini, kando ya barabara ya zamani ya Dar es Salaam, na haina bango la jina, jambo la kuchekesha kidogo kwa mahali ambapo kazi yenyewe ni kuandika majina ya watu. Wateja huitambua kwa mabamba meusi ya mawe yaliyoegemezwa ukutani na kwa vumbi jeupe lililotanda hadi barabarani. Wengi huenda pale kuagiza mawe ya makaburi, na wachache huagiza mawe ya msingi au vibao vya ofisi. Sisi tulikwenda kuagiza kibao cha kumuenzi mwenzetu tuliyesoma naye kidato cha tano na cha sita, aliyefariki akiwa bado mwalimu katika shule ya msingi ya kijiji kimoja wilayani Kilosa. Jina lake silitaji, kwa kuwa familia yake iliomba lisomwe kwenye kibao chenyewe na si kwingineko.

Ni lazima nieleze kwanza alichokifanya marehemu, maana bila hilo msomaji hataelewa kwa nini kazi ndogo ya kuchonga jiwe ilihitaji maelewano marefu kiasi kile. Pamoja na kufundisha, mwenzetu alikuwa mpima mvua wa kujitolea. Kila siku saa 3 asubuhi, ziwe siku za shule au za likizo, Jumapili au Idi, alikwenda kwenye uzio mdogo nyuma ya madarasa, akasoma kipimamvua na kuandika alichokiona. Katika kundi letu la WhatsApp, ambamo watu hutangaza hata safari ya kwenda kununua tairi, hakuwahi kulitaja jambo hilo hata mara moja. Tulilijua msibani, pale mwalimu mmoja kijana alipoinuka katikati ya watu, akaomba radhi kwa wazee, akatoka kwa haraka kuelekea shuleni, na tulipouliza kuna nini tukajibiwa kwamba saa tatu imekaribia na leo zamu ni yake.

Kipimamvua cha shule ile ni cha aina ya zamani: silinda ya shaba yenye mdomo wa kipenyo cha inchi 5, iliyofukiwa kwa sehemu ardhini, ukingo wake ukiwa takriban futi moja juu ya majani. Ndani yake mna faneli na chupa. Mpimaji huinua faneli, humimina maji ya chupani katika gilasi nyembamba yenye mistari, huinama mpaka jicho lake lilingane na usawa wa maji, kisha huandika. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji kwa kila mita ya mraba, yaani lita 10,000 kwa hekta. Lakini kwa mdomo mdogo kama ule, milimita hiyo ni kama mililita 13 tu, kiasi ambacho mkono usio na utulivu unaweza kukimwaga. Siku isiyo na mvua huandikwa sifuri. Hairukwi, kwa sababu nafasi tupu humaanisha kwamba hakuna aliyekwenda kusoma, na mtaalamu wa takwimu hawezi kuihesabu nafasi tupu kama siku ya ukavu. Katika sehemu zile, ambako mvua nyingi hunyesha kati ya Novemba na Mei, hii ina maana kwamba marehemu alitumia miezi mingi ya kila mwaka kwenda asubuhi kuthibitisha kwamba hakuna kitu, na kukiandika.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ina vituo vyake rasmi, lakini vituo hivyo haviwezi kufika kila bonde, ndiyo maana wasomaji wa kujitolea walioko mashuleni, misheni na mashambani wana thamani. Wastani wa hali ya hewa duniani huhesabiwa kwa vipindi vya miaka 30, kama hiki cha 1991 hadi 2020 kinachotumika sasa, na rekodi yenye mapengo hupoteza sehemu kubwa ya faida yake. Kwa Kilosa jambo hili si la vitabuni. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliiharibu Reli ya Kati katika eneo hilo, na mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliibomoa tena na kuwaacha watu wengi bila makazi. Mhandisi anayepanga ukubwa wa kalavati au kimo cha daraja huanza kwa kuuliza ni mvua kiasi gani imewahi kunyesha pale kwa siku moja, na jibu hutoka katika madaftari ya watu kama mwenzetu.

Sasa nirudi kwenye karakana. Tulifika na wazo la kibao cha shaba nyeupe iliyong'arishwa. Fundi, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi, alitusikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Kaka zangu, shaba mtakuja kuikuta kwa muuza chuma chakavu." Alitueleza kwamba marumaru nyeupe hupendeza dukani, lakini ni jiwe la chokaa, na maji ya mvua, ambayo kwa asili yana asidi kidogo, huila taratibu hadi herufi zikapoteza makali. Kigae kilichochapishwa picha ni rahisi zaidi kwa bei, ila jua huifuta picha. Alichotushauri ni granaiti nyeusi yenye unene wa sentimita 2, na hapa namsifu bila kusita: alituonyesha vipande vya kazi zake vilivyokaa nje kwa muda mrefu, vilivyofanikiwa na visivyofanikiwa, akatuacha tuvishike na kuvikuna kwa ukucha.

Kuhusu namna ya kuandika, karakana inatoa njia mbili. Ya kwanza ni leza, ambayo hukwangua uso wa jiwe tu na kuacha picha ya kijivu. Inafaa kwa sura ya mtu, na ndiyo inayopendwa na wateja wengi wa makaburi. Ya pili ni kupuliza mchanga kwa kompresa kupitia stika nene ya mpira iliyokatwa herufi, mpaka herufi ziingie ndani ya jiwe milimita mbili hadi tatu. Tulichagua ya pili, kwa hoja kwamba herufi iliyochimbwa husomeka hata rangi ikitoka, na hata kwa kidole. Msikiti wa Kizimkazi kule Unguja una maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107, yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, na hakuna aliyehitaji kuyapaka rangi ya dhahabu ili yatufikie.

Fundi wetu, hata hivyo, anaipenda mno rangi ya dhahabu. Huipendekeza kwa kila mteja na huisukuma kidogo kupita adabu, ilhali katika mawe yale yale aliyotuonyesha ndiyo iliyokuwa imebanduka kwanza. Tuliikataa mara kadhaa kabla hajakubali herufi zibaki na weupe unaojitokeza jiwe linapochimbwa.

Sehemu bora ya huduma ilikuwa jinsi alivyoshughulikia maandishi. Kundi letu lilikuwa limeandaa aya ndefu yenye sifa nyingi, kaulimbiu ya shule yetu ya zamani na orodha ya wote waliochangia. Fundi hakubishana nasi juu ya maudhui. Alichukua karatasi yenye ukubwa ule ule wa jiwe, sentimita 60 kwa 40, akaibandika ukutani, akatutaka tusimame mita tatu kutoka hapo. Kwa umbali huo, alisema, herufi inayosomeka bila kukunja uso ni ya kimo cha sentimita 2.5, na kwa ukubwa huo kibao hakiwezi kubeba zaidi ya maneno thelathini hivi. Aya yetu ilikuwa na maneno yasiyoweza kuingia hata nusu yake. Mjadala uliofuata ulikuwa mkali, hasa juu ya orodha ya wachangiaji, mpaka shemeji yetu, mjane wa marehemu, alipoombwa maoni. Aliisoma karatasi polepole, akasema mumewe hakuwa mtu wa kutangazwa, na kama lazima kuandika basi kiandikwe alichokifanya. Kikabaki jina, miaka ya utumishi na sentensi isemayo kwamba alisoma mvua ya mahali hapa kila siku saa 3 asubuhi. Fundi alidai karatasi ya mwisho itiwe saini na mtu mmoja wa familia na mmoja wetu kabla hajagusa jiwe, utaratibu ambao ningependa kuuona katika kila karakana ya aina hii, maana jiwe halifutiki.

Jambo la mahali pa kukiweka ndilo lililotupa mtihani, na ndilo lililonionyesha zaidi tabia ya karakana. Tuliagiza kibao pamoja na kitako cha saruji cha kimo cha mtu, kisimame ndani ya uzio, karibu kabisa na kipimamvua. Ilionekana ndiyo heshima inayofaa. Tulipokwenda kupima mahali pale, yule mwalimu kijana alituamkia, akatusikiliza kwa heshima zote, kisha akasema, "Wazee wangu, hapa hapafai." Akaeleza kwamba kitu chochote kilichosimama kinapaswa kuwa mbali na kipimamvua angalau mara mbili ya kimo chake, na ikiwezekana mara nne, kwa sababu hukinga mvua inayokuja kwa upepo, na hata bamba la jiwe lililolazwa chini lingeharibu vipimo, kwa kuwa tone linalopiga sakafu ngumu huruka na kuingia mdomoni mwa chombo, ndiyo maana pale pameachwa majani mafupi. Kwa maneno mengine, kibao chetu kingepunguza au kuongeza, kila mwaka unaokuja, kipimo kile kile cha mvua ambacho marehemu alijitahidi kisikosewe.

Tulirudi Morogoro tukitarajia ugomvi juu ya malipo ya awali. Haukutokea. Kwa kuwa kitako kilikuwa hakijaanza kujengwa, fundi alikiondoa katika hesabu, akakubali kutoboa matundu manne kwenye lile lile bamba ili lifungwe kwa boliti za chuma kisichoshika kutu kwenye ukuta wa darasa unaotazamana na uzio. Granaiti ya ukubwa ule ina uzito wa kama kilo 13, kwa hiyo gundi peke yake isingetosha, na alilisema hilo mwenyewe kabla hatujauliza.

Kasoro zipo, na si ndogo zote. Kazi ilichelewa kwa majuma kadhaa kupita ahadi, kwanza kwa sababu ya kompresa, baadaye kwa sababu ambazo hatukuelezwa, na katika kipindi hicho fundi alipokea simu pale tu ilipopigwa kwa namba asiyoijua. Mweka hazina wetu, ambaye alipaswa kuwatolea wachangiaji hesabu, alilazimika kufuatilia risiti hata baada ya malipo kukamilika. Kubwa zaidi ni tundu moja kutobolewa karibu mno na ukingo, likamega kipande chembamba cha kona. Fundi alikiziba kwa gundi ya eposi iliyochanganywa na unga wa jiwe, na kwa mbali hakionekani, lakini jua la alasiri likipiga ubavuni doa linajitokeza. Aliomba radhi na kupunguza kiasi fulani cha bei. Nadhani kwa kazi ya ukumbusho alipaswa kujitolea mwenyewe kuchonga jiwe jingine, na tungelikataa wenyewe kama familia ingeridhika na lile la kwanza.

Kwa jumla tulilipa karibu shilingi 250,000 kwa jiwe, uchongaji na boliti, bila usafiri. Karakana haipeleki kazi nje ya mji, hivyo tuliibeba wenyewe, ikiwa imefungwa kwa blanketi na maboksi, na fundi wa kijijini ndiye aliyeifunga ukutani. Ukilinganisha na bei tulizotajiwa kwingine mjini kwa granaiti ya unene huo, si rahisi sana wala si ghali. Kwa herufi za kupuliziwa mchanga, ushauri wa mawe na uangalifu wa maandishi, ningempa fundi huyu kazi nyingine; kwa picha za leza sikuona za kutosha kuzitolea hukumu. Wenye nia ya kwenda waende na maandishi mafupi yaliyopigwa chapa, wakatae rangi ya dhahabu mapema, waandike kwenye makubaliano kwamba matundu yakae si chini ya sentimita 4 kutoka ukingoni, na wabakize sehemu ya malipo hadi watakapolikagua jiwe nje, juani, si ndani ya karakana ambako mwanga ni hafifu.