Pedi za kufua za fundi wa Mbagala: nzuri sana, ila omba saizi ya mtoto

Huu mwezi wa nne binti yangu anazitumia kwahiyo naongea kitu nachokijua. Nilizinunua kwa mama mmoja fundi cherehani huku Mbagala, pakiti ina vipande 4, vitatu vya mchana na kimoja kirefu cha usiku, sh 12,000. Ndani flaneli laini, katikati kitambaa cha kunyonya, chini kile kisichopitisha maji, mabawa yanafungwa kwa vifungo vya kubonyeza. Ushonaji wake safi jamani, hamna uzi uliochomoza.

Tatizo ni saizi. Binti yangu ana miaka 10, yuko darasa la tano, kavunja ungo mimi sijajiandaa kabisa maana mwenyewe nilivunja nina 15 kijijini Masasi na tulijistiri na vipande vya kanga chakavu. Sasa ile pedi kwenye chupi ya mtoto inatokeza mbele na nyuma, mabawa yanapandana, siku ya kwanza shuleni ikasogea pembeni sketi ikachafuka. Alirudi kajifunga sweta kiunoni, hakusema neno, akapitiliza bafuni. Nililia.

Nikairudisha kwa fundi nikamuonyesha. Akasema kipimo chake ni cha wasichana wa sekondari, ndo aliojua wanaanza. Simlaumu, hata mimi nilijua hivyo.

Lakini watoto wa mjini wanawahi, na sio kwamba wameharibika kama jirani yangu alivyothubutu kusema mbele ya mwanangu, ile kauli iliniuma mpaka leo. Mwili wa msichana unasubiri akiba. Akila akashiba, akapata mafuta mwilini, yale mafuta yanatoa homoni inayoupa ubongo taarifa kwamba huyu yuko tayari, mtoto asiyeshiba au anayeumwa umwa malaria na minyoo mwili wake unachelewesha. Damu ya ukoo nayo ina sehemu yake, ila maisha yanachangia mno. Hata Ulaya ilikuwa hivyo, Norway karne ya 19 wasichana walivunja ungo karibu miaka 16 au 17, chakula na afya vilipokuwa bora umri ukashuka taratibu mpaka kwenye 13 hivi.

Mimi nimeliona nyumbani kwangu. Idi iliyopita binti wa dada yangu alikuja kutoka Masasi, ana 14, wakasimama na wangu mlangoni kupimana urefu, wangu akawa juu. Yule mkubwa kila siku anachota maji mbali, anakula mlo mmoja wa maana, hajaanza bado. Wangu anapanda daladala, chipsi na soda kila wiki. Ndugu wa damu kabisa. (Matiti yakiota kabla ya miaka 8 mpeleke mtoto hospitali, hiyo ni habari nyingine.)

Na uchungu wenyewe ni kwamba yule anayechelewa kwa umaskini, siku akianza ndo hana hata hela ya pedi. Za dukani pakiti moja huku kwetu ni 2,500, na anayetoka damu nyingi haimtoshi mwezi. Serikali iliondoa VAT kwenye pedi 2018, bei ikagoma kushuka, 2019 kodi ikarudishwa, tukabaki palepale. Hizi za kufua ndani ya miezi mitano hela yako imerudi.

Kufua ni kuloweka maji ya baridi, ya moto yanagandisha doa, kisha sabuni ya mche, suuza mpaka maji yatoke meupe, anika juani kabisa sio uvunguni kwa kuona aibu. Masika zinachelewa kukauka, hapo vipande 4 havitoshi, chukua 6. Na mgao wa maji ukiwepo weka ndoo yake pembeni.

Fundi sasa anashona saizi ndogo, fupi na mabawa membamba, pakiti 10,000, haisogei, mwanangu amecheza nayo rede na hajachafuka. Ukifika mwambie unataka ya darasa la tano ataelewa. Nimechukua pakiti mbili zaidi nimtumie yule wa Masasi kwa basi, naye nimemchukulia hiyo hiyo ndogo, zikae kwenye begi lake zimsubiri.