Uzoefu wangu na rangi ya kahawia ya udongo kwenye vyumba vya Mwanza

Rangi ninayoizungumzia ni ya maji, ya ndani, aina ya silki (yenye mng'ao kidogo), inayochanganywa kwa mashine dukani. Toni yake ni kahawia ya udongo wa mtungi, yenye wekundu kwa mbali. Si chokoleti, wala si ile inayoelekea ugoro. Kwa sebule na chumba cha kulala naikubali sana. Jikoni padogo pasipo na dirisha la maana siishauri. Nasema mapema pia kwamba inadai ukuta ulioandaliwa vizuri kuliko krimu, kwa hiyo mwenye haraka achague rangi nyingine.

Jambo la kwanza ni taa. Balbu nyingi za LED madukani ni nyeupe kali, kelvini 6500 (kelvini ni kipimo cha toni ya mwanga), na chini ya mwanga huo wekundu wa kahawia unapotea, ukuta unabaki kama tope. Tafuta za kelvini 2700 au 3000. Namba imeandikwa kwenye boksi. Mchana nao una mambo yake. Chumba kinachotazama ziwa upande wa magharibi hupigwa na jua la jioni, na rangi hii huwaka kuelekea chungwa. Nyumba zilizobanwa na majabali, zile za milimani zinazopandana, mara nyingi dirisha linatazama mwamba na mwanga unaingia hafifu. Huko paka ukuta mmoja tu, ule unaokabiliana na dirisha, na kuta nyingine uziache krimu.

Usichague kwa kutazama kadi ya dukani. Nunua kopo dogo, paka koti mbili kwenye kipande cha jipsamu bodi cha sentimita 60 kwa 60, kisha kihamishe ukuta hadi ukuta: asubuhi, saa kumi alasiri, na usiku taa zikiwaka. Ngoja kikauke kwanza, kwa sababu rangi ya maji ikikauka huwa nzito, yaani imekoza, kuliko ilivyo kwenye kopo.

Kinachoharibu kahawia zaidi katika nyumba zetu ni chumvi. Nyumba ikiwa imechimbiwa kwenye mteremko, nyuma ya ukuta kuna udongo au jiwe, na mvua zikinyesha maji hujipenyeza. Maji hayo hubeba chumvi zilizomo kwenye saruji, mchanga na tofali hadi usoni mwa lipu. Yakikauka yanaacha unga mweupe. Kwenye krimu huuoni. Kwenye kahawia unauona ukiwa mlangoni. Praima, ile rangi ya kwanza ya kuandaa ukuta, haitibu hilo kama maji bado yanaingia, hata fundi aapeje. Pima hivi: bandika nailoni ya sentimita 50 kwa 50 ukutani, ziba kingo zote kwa tepu, iache siku nzima. Ukikuta matone upande wa ndani, ukuta unatoa maji. Shughulikia kwanza mfereji wa nje na mabomba. Unga ukishatokea usiuoshe, maana maji yanaurudisha ndani. Usugue kwa brashi ngumu ukiwa mkavu na ufute vumbi.

Lipu mpya isubiri si chini ya wiki nne. Saruji mbichi ina alkali kali inayoshambulia rangi, na madoa yake huonekana kama mawingu mepesi. Hata baada ya hapo, anza na praima inayostahimili alkali.

Kisha skimu, lile tabaka jembamba la kulainisha lipu. Silki inang'aa kidogo, na kahawia ikiwa nzito, kila wimbi la ukuta linajianika. Usiku zima taa, shika tochi ikiwa imelala ubavuni mwa ukuta, na uzungushie penseli kila bonde na kila kinundu. Jaza, piga msasa namba 120, malizia na 180 au 220, halafu pitisha kitambaa chenye unyevu. Ukipitisha kiganja kikatoka na unga, bado. Rangi iliyopakwa juu ya unga inabanduka kipande kizima siku ukivuta tepu.

Sasa vipimo. Chumba cha mita 4 kwa 3.5, kimo mita 2.7, kina takriban mita za mraba 40 za ukuta. Toa mlango na madirisha mawili, zinabaki kama 35. Kwa ukuta laini, lita moja hufunika karibu mita za mraba 10 kwa koti moja, kwa hiyo koti mbili zinakula lita 7: galoni mbili za lita 4. Ukuta mmoja wa mapambo wa mita 4 unatoshwa na galoni moja, hata ukipiga koti tatu. Nunua zote siku moja, zimimine kwenye ndoo moja kubwa na uzikoroge pamoja. Mashine hutofautiana kidogo kati ya mchanganyo mmoja na mwingine, na kwenye rangi nzito tofauti hiyo inaonekana katikati ya ukuta.

Besi ya rangi nzito, yaani rangi ya msingi kabla mashine haijatia toni, ina kiasi kidogo sana cha unga mweupe wa titani unaozipa rangi nyepesi nguvu ya kufunika. Ndiyo maana kahawia juu ya ukuta mweupe hutoka na mabaka kwenye koti la kwanza. Dawa yake ni rahisi: koti la chini lipake kwa nusu rangi nyeupe ya maji na nusu kahawia yenyewe, kisha koti mbili za kahawia tupu. Maji ya kuongeza yasizidi asilimia 10, yaani mililita 400 kwa galoni. Simama hapo na fundi wakati anachanganya. Rangi iliyozidishwa maji inaacha michirizi, na baadaye ukifuta ukuta kitambaa kinatoka na kahawia.

Kupaka, fanya ukuta mmoja hadi mwisho kabla ya kugusa mwingine. Brashi ipite kwenye kona na dari, rola ifuate papo hapo pakiwa pabichi. Ukipaka kingo zote za chumba kwa brashi asubuhi na kurola mchana, utapata fremu nyeusi kuzunguka kila ukuta. Upepo wa ziwa wa alasiri hukausha haraka, hivyo anza asubuhi. Jioni funga madirisha, hasa siku za mwezi mwandamo: wadudu wa ziwani wakiinuka hufuata taa, na wakinasa kwenye rangi mbichi, usiwafute. Acha ikauke, wasugue kwa msasa laini, rudia koti.

Siku za mvua usitegemee yale masaa manne ya kusubiri kati ya koti yaliyoandikwa kwenye kopo; lala nayo hadi kesho yake. Unyevu ukiwa mwingi, viungo vya jamii ya sabuni vilivyomo kwenye rangi hupanda juu na kushuka kama machozi yenye kung'aa. Wengi hudhani rangi ni feki. Yafute kwa maji safi na sponji laini. Yakijirudia futa tena, mwishowe yanaisha.

Kwa uimara naisifu. Kahawia ya namna hii hutokana na oksidi ya chuma, jamii ileile ya kutu, na haipaushwi na jua la dirishani. Silki pia inafutika, tofauti na mati, ile isiyong'aa, ambayo mgongo wa kiti ukiisugua inabaki na alama inayong'aa. Kasoro yake ni kwamba huwezi kuziba mkwaruzo kwa kudonoa: rudia ukuta wote, kona hadi kona.

Milango ya mninga ina kahawia yake yenye joto, na ukuta wa toni ileile unaimeza. Weka ukuta wenye rangi nzito zaidi ya mlango, dari iwe krimu badala ya nyeupe pepe, na mikeka ya ukindu ifanye kazi iliyobaki. Rangi iliyosalia itie kwenye chupa ndogo iliyojaa hadi mdomoni, kwa kuwa hewa ndiyo inayoigandisha, na uandike juu yake namba ya mchanganyo uliyopewa dukani.