Tahadhari: wakala wa Umra anayekusanya pesa za msafara wa Ramadhani Lamu

Asalaam aleykum ndugu zangu wa Lamu mjini, Shela, Matondoni, na nyinyi wa Pate, Siyu, Faza na Kizingitini. Kuna mtu anazunguka akijitambulisha kuwa wakala wa Umra na Hija. Kina mama wa mtaani kwetu Langoni, akiwemo mama yangu mdogo, walimlipa na hawakusafiri. Sasa habari zimetufikia kwamba anaandikisha watu Faza na Mokowe kwa msafara mwingine, na jina la kampuni ameshabadilisha. Jina lake silitaji kwa sababu kesi iko polisi, lakini mwendo wake nitaueleza ili akibisha hodi mumjue.

Huja baada ya Alasiri, kanzu imepigwa pasi, tasbihi mkononi. Huuliza nani mkubwa wa chama cha kina mama. Hutaja maalim anayeheshimika kuwa ndiye aliyemwelekeza. Maalim mwenyewe tulipomwendea, hamjui. Kabla ya kutaja pesa huomba dua, watu wakaitikia amina, na baada ya hapo nani atamwambia lete leseni?

Bei yake ni shilingi laki moja na elfu thelathini, akidai ndani yake mna tiketi, viza, hoteli, chakula na ziara za Makka na Madina. Mawakala wanaojulikana Mombasa hawaikaribii bei hiyo, tena kwa Ramadhani, msimu ambao hoteli za Makka hupanda kuliko kawaida, hasa kumi la mwisho. Pesa alitaka zitumwe kwenye nambari yake ya simu, akisema akaunti ya kampuni "inashughulikiwa". Jina lililotokea kwenye M-Pesa halikuwa la kampuni wala lake.

Na pesa zenyewe ni za kofia. Anayejua kofia ya mkono anajua mama hukaa nayo miezi, macho yakichoka kwenye vile vitundu vidogo, ndipo aiuze. Wengine waliuza bangili zao za dhahabu. Nikikumbuka hilo huwa sipati usingizi.

Karatasi alizowapa ndizo nataka mzielewe vizuri, kwa sababu hapo ndipo wengi watanaswa. Zilikuwa na nembo ya shirika la ndege, majina yao, tarehe, na ule msimbo wa buking wa herufi sita. Kijana mmoja aliuingiza kwenye tovuti ya shirika, majina yakatokea, nyoyo zikatulia. Lakini ule msimbo peke yake maana yake ni kiti kushikwa tu. Wakala anaweza kushika viti bila kulipa hata senti, akawaonyesha watu, na muda ukipita bila malipo mfumo unavifuta. Tiketi iliyolipwa ina nambari yake ya tarakimu 13, na 3 za mwanzo hutambulisha shirika: Saudia ni 065, Ethiopian ni 071. Kwenye karatasi ya mama mdogo, mahali pa nambari ya tiketi palikuwa patupu. Walivuka Mokowe, wakapanda basi hadi Mombasa na mabegi yao, na pale kaunta ya uwanja wa ndege ndipo walipoambiwa hakuna buking wala tiketi. Simu ya wakala ilikuwa imezimwa.

Viza nazo tulizikagua baadaye. Wanawake wawili walikuwa na nambari moja ya viza, picha tu ndizo tofauti, na maandishi ya jina yalikuwa yamekaa upande kidogo kuliko maandishi mengine. Viza ya kweli ya Saudia huthibitishwa kwenye tovuti ya Wizara yao ya Mambo ya Nje. Akikuletea viza, mwombe aithibitishe hapo mbele yako, simu iwe mkononi mwako. Hoteli aliyosema iko karibu kabisa na Haram, yaani Msikiti Mtukufu wa Makka, ilikuwa na anwani ya Aziziyah, ambako ni mbali kwa mama mwenye magoti mabovu kwenda kwa miguu kila sala.

Kuna pesa nyingine ndogo ndogo alizowatoza. Aliomba elfu tano kwa kila mtu za kibali cha kuingia Rawdha, ndani ya Msikiti wa Mtume Madina. Kibali hicho huombwa kupitia Nusuk, programu ya serikali ya Saudia, na hakilipiwi. Vilevile aliwauzia kadi za chanjo "bila usumbufu wa sindano". Jambo hili limenikera kuliko pesa. Homa ya uti wa mgongo ilizuka katika Hija mwaka 1987 na tena 2000, ndiyo maana Saudia inadai chanjo yake, nayo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika. Anayekuuzia kadi bila sindano anacheza na maisha yako na ya mahujaji wenzako.

Sasa ameanza kutangaza Hija pia, kwa viza ya matembezi. Msikubali hata kwa bei ya bure. Viza ya matembezi haimruhusu mtu kuhiji. Faini ya kuhiji bila kibali iliyotangazwa mwaka 2025 inafika riyali 20,000. Mwaka 2024 joto la Makka lilipita nyuzi 51 na mahujaji zaidi ya 1,300 wakafa, na serikali ya Saudia ilisema asilimia 83 yao hawakuwa na kibali. Asiye na kibali hana hema lenye kiyoyozi wala basi la mahujaji, hutembea juani. Mzee wenu msimpeleke huko.

Atakayewajia, mwambieni awaonyeshe leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, kisha ithibitisheni na Mamlaka yenyewe, si kwa nambari anayowapa yeye. Kwa Hija ulizeni SUPKEM, Baraza Kuu la Waislamu wa Kenya, kama wanamtambua. Malipo yaingie akaunti yenye jina la kampuni na mpewe risiti. Pasi halisi msiiachie bila hati ya kupokea iliyotiwa saini. Hawa kina mama wetu pasi walizipata tena kwa taabu, zilikuwa zimefichwa kwa mtu mwingine Mombasa.

Waliomlipa tayari, msifute ujumbe wowote wa M-Pesa wala sauti alizowatumia kwa WhatsApp. Nendeni kituo cha polisi kilicho karibu mkaandikishe taarifa, mpewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Msingoje aibu iishe. Amekuwa akiwapigia baadhi ya kina mama akiahidi kurudisha elfu mbili mbili kila wiki mradi waifute kesi. Akikupigia, pokea pesa zako ukipewa, lakini kesi usiifute mpaka alipe zote. Kikundi chetu kinakusanya taarifa za wote waliodhurika ili zipelekwe pamoja. Walio Faza na Mokowe wamwone mwenyekiti wa chama cha kina mama hapa Langoni, au waniandikie mimi.