Soli za ndani za nyayo bapa: ipi inafaa kununuliwa Kampala

Soli za ndani za kuinua upinde wa unyayo, kwa wenye nyayo bapa (zilizolala chini bila upinde), siku hizi zinapatikana Kampala kwenye maduka ya dawa, maduka ya vifaa vya michezo, hata kwa wauza viatu wa soko la Owino. Nyingi ni za aina tatu, na tofauti zake ni kubwa kuliko maneno ya kwenye pakiti.

Ya jeli laini usiinunue kwa ajili ya nyayo bapa. Ibonyeze kwa kidole gumba pale penye upinde: ikilala chini ya kidole, chini ya mtu wa kilo 70 haitafanya kazi yoyote. Inapunguza mshindo wa kisigino, basi. Ya plastiki ngumu inayoishia robo tatu ya unyayo inashika vizuri, lakini kwenye kiatu kisicho na kamba huteleza kwenda mbele. Tena mwenye kano ya kisigino iliyokaza ataumia nayo. Kano ikikaza, kifundo hakikunjiki vya kutosha, kwa hiyo mguu hulala kwa ndani ili mtu aweze kupiga hatua. Plastiki inauzuia kulala, na maumivu yanahamia katikati ya unyayo. Bora kwa wengi, hasa askari, wahudumu wa hoteli na walimu wanaosimama kutwa, ni ile ya sponji ngumu ya EVA, ya urefu wote, yenye kisigino kilichochimbika ili mfupa usiyumbe.

Lakini kwanza jipime. Simama ukiangalia ukuta, inuka kwa ncha za vidole, mtu akutazame kwa nyuma. Upinde ukijitokeza na kisigino kikageukia ndani, mguu wako unanyumbulika na soli itakusaidia. Usipojitokeza, huenda kuna mifupa iliyoshikana. Na kama ni mguu mmoja tu ulioshuka ukubwani, una uvimbe nyuma ya kifundo upande wa ndani, na huwezi kuinukia mguu huo peke yake, kano inayobeba upinde imeumia. Hapo soli ya dukani haitoshi. Nenda hospitali ya Mulago au ya CoRSU, Kisubi, ukachunguzwe. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni naye asijiwekee soli ngumu bila mtaalamu, maana kidonda kitaanza bila yeye kuhisi.

Kuivaa kuna utaratibu. Toa soli iliyokuja na kiatu, iweke juu ya mpya kama kielelezo, na ukate upande wa vidole tu, kidogo kidogo. Kisigino hakiguswi. Ukisimama, kilele cha upinde kiwe katikati ya unyayo. Kikikuchoma karibu na kidole gumba cha mguu, umechukua namba kubwa. Siku ya kwanza vaa saa moja au mbili, ongeza saa moja kila siku. Misuli kuchoka wiki ya kwanza ni kawaida, ila malengelenge au ganzi ni dalili kwamba haikufai.

Kiatu chenyewe kinaweza kuiharibu kazi yote. Mtumba wa Owino uweke mezani, uutazame kwa nyuma: kisigino kikiwa kimeinamia ndani, achana nacho, kwa sababu soli mpya itafuata mwinamo wa mwenye kiatu wa kwanza. Bana pia ukuta wa kisigino kwa vidole. Ukikunjika kirahisi, haushiki mguu. Lugabire (viatu vya wazi vya matairi) na ndala hazina pa kuishikilia soli.

Pamoja na soli, nyosha shavu la mguu: mikono ukutani, mguu wa nyuma goti limenyooka, kisigino chini, sekunde 30 mara 3 kila mguu, asubuhi na jioni. Bila hilo soli inabeba mzigo tu.

Watoto ni habari nyingine. Upinde hujijenga taratibu mpaka miaka kama 10, na soli haiuharakishi. Mtoto anayekimbia bila maumivu, mwacheni acheze peku. Pesa hiyo mnunulieni kiatu kinachomtosha.

Kwa usafi, itoe kila jioni, ioshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, ianike kivulini, kwani jua kali huipinda na kulegeza gundi. EVA huchoka baada ya miezi 6 hadi 12 ya kuvaliwa kila siku: rudia kipimo cha kidole gumba, na ikibonyea bila kurudi, nunua nyingine.