Tathmini ya kozi ya mtandaoni ya kupunguza msongo wa mawazo
Kozi hii inafuata mpango ulioanzishwa na Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, ambamo mshiriki hujifunza kwa wiki 8 kuielekeza akili kwenye pumzi, mwili na jambo lililo mbele yake. Kilichonivutia zaidi ni zoezi la kuupitia mwili kiungo baada ya kiungo, kwani humlazimisha hata mwenye pupa kutulia, huku kutoa pumzi polepole kukipunguza kasi ya mapigo ya moyo. Kasoro ni arifa zinazomhimiza mtu kila mara atulie (kinaya kilichoje!), ingawa zinaweza kuzimwa. Mwenye sonona kali amwone kwanza mtaalamu wa afya ya akili.